Sura ya Saba

Siku ya nne leo Kondo yuko ndani ya kalavati.
Maji yamemfika kiunoni.
Nilimwingiza mwenyewe, kwa mbwembwe,
kwa sentensi tatu fupi na nukta za kukata pumzi,
kisha nikaenda kuinjika maharage.
Kumtoa, hapo ndipo kwenye kazi.

Watoto hawadanganyiki. Mtu mzima ukimwambia
"kwa bahati nzuri" anapita, ana haraka zake.
Mtoto anasimama papo hapo kwenye neno bahati,
analibonyeza kama papai la gengeni,
analirudisha.

Basi jana, umeme umekatika Kigogo nzima,
niliingia uvunguni mwa kitanda na tochi mdomoni,
mwanamke wa miaka arobaini na sita,
magoti yanalia kama bawaba,
nipime: aliyeuma tochi anaweza kupiga yowe?
Hawezi. Hutoka mlio wa mbuzi aliyefungwa mdomo,
na mate.
Mume wangu akauliza gizani, "Umepoteza nini?"
Nilisema "mtoto." Ikatoka "hoho."
Nikafuta Kondo alipiga yowe.
Nikaandika Kondo aliuma tochi, akanyamaza.
Sentensi moja. Usiku mzima.

Asubuhi nikashuka Msimbazi na futi ya fundi cherehani
kupima mdomo wa kalavati lenyewe.
Vijana wa vyuma chakavu wakadhani nimetumwa na manispaa,
wakauliza tunabomolewa lini.
Mimi mwandishi wa hadithi, nikasema. Wakacheka sana.
Kisha mmoja, mwenye ndala za rangi mbili,
akaniambia kwa upole:
"Maji ya huku hayapandi, mama. Yanasukuma."
Nikaliandika kiganjani.
(Sumaku, mwizi wangu wa mifuniko ya mashimo,
tangu leo anavaa ndala za rangi mbili.
Kijana anisamehe.)

Jioni Tausi wa jirani akaja kudai kurasa zake.
Yuko darasa la sita, ananilipa kwa kunikosoa.
Husoma amekalia ndoo iliyopinduliwa,
midomo ikitembea,
kidole gumba cha mguu kikikwaruza sakafu.
Mimi hutazama kidole, si uso.
Kikisimama, nimeandika.
Kilisimama kwenye tochi.
Kilisimama maji yaliposukuma.
Kisha akafika kwenye kamba,
kamba iliyoning'inia tu kutoka juu,
niliyoitundika saa tisa usiku kwa kukata tamaa,
na kidole kikaanza tena, kwaru, kwaru.

"Kamba hii ya nani?"
Ilikuwepo, nikasema.
"Na Sikudhani je?"
Sikudhani gani?
"Mdogo wake Kondo! Sura ya tatu.
Ulimwambia asubiri Kariakoo,
kwenye duka la kamba na ndoo, mpaka warudi.
Hawakurudi.
Mpaka leo yuko pale."

Nikafunua kaunta buku. Kweli.
Sura nne nzima nimekula, nimelala, nimekwenda harusini,
na mtoto wa miaka minane amekaa kwenye kistuli cha plastiki,
mwenye duka anavuta mlango nusu,
anamtazama, anatazama saa.
Jina nilimpa kwa mzaha, siku nilipokosa jina.
Jina likakaa, likanisubiri.

Tausi ameshasimama, anataka za kesho.
Mvua imeanza kuhesabu mabati.
Nawasha mshumaa. Naikata ile kamba kwa mstari mmoja wa peni
na kurudi Kariakoo mbio, sura nne nyuma,
jasho linanitoka, natafuta la kumwambia,
na yeye, kabla sijafungua kinywa,
ameshanyanyuka, bunda la kamba begani,
kamba ya dukani, ya mkopo, ya shilingi elfu tano,
ananiuliza kwa hasira ya haki kabisa:
"Yuko wapi?"