Kamba ya Hatua Kumi

Thunder Bay, Februari, baridi ya kugandisha kope.
Tangu saa nane Sylvi Kettunen anapigana na polinomia moja:
zedi kwa kipeo cha saba,
jumlisha zedi tatu-tatu mara mbili,
toa zedi tisa, jumlisha nne,
yote sawa na sifuri.
"Mwalimu Shekue, nipe kanuni."
Ikivuka kipeo cha nne, kanuni huishiwa pumzi.
Vaa koti, nikamwambia.

Nyuma ya maabara nikakita mti thelujini,
nikafunga kamba.
Kizidishi kikubwa ni tisa
(alama ya kutoa tumeiacha ndani, karibu na hita).
Ongeza moja.
Hatua kumi, Sylvi, ivute, uzunguke.
Mizizi yote saba imo humu.

"Hata ile ya kudhania?"
Hata hiyo.
Sifuri si ukimya, ni sare:
wenye kelele wametoshana nguvu.
Nje ya mstari huu kipeo cha saba hupaza sauti
hata wenzake watatu wakiungana hawamfikii.
Huko hakuna sare.
Nawe ukizunguka mara moja,
thamani yake huizunguka sifuri mara saba,
kama Musti, mbwa wake,
aliyezunguka mara nne akalala.

"Sasa iko wapi hasa?"

Jumapili mama hunipigia kutoka Lushoto,
huuliza hivyo hivyo.
Mimi: karibu na ziwa.
Yeye: ziwa lenyewe lina ukubwa gani?
Nikamtajia.
Akanyamaza, kisha akacheka mpaka akakohoa.
Jibu langu lilikuwa kweli tupu
na halikumfaa kitu.

Basi tukaikaza.
Kila kizidishi na kipeuo chake, kadiri alivyo mbali na kiongozi;
kipeuo cha sita cha tisa kikawashinda wengine.
Mara mbili yake: hatua tatu, hazifiki.
Sylvi akaikunja kamba kwa meno, glavu zimeganda.
Nilimwonyesha pia kwamba jirani kabisa na mti,
theluthi ya hatua au pungufu kidogo,
hamna kitu.

Ikabaki pete ya theluji,
nyayo zangu tu za kwendea mtini.
Aliitazama muda mrefu.
Usiku huo nikamwandikia mama:
Mtaa wa Algoma, mlango wa bluu,
kengele ni mbovu, gonga.