Tanuri Mbili

Jumapili, kisiwa cha Savai'i, mawe ya tanuri yameiva
na mama mkwe amekalia mbuzi, anakuna.
Nazi thelathini. Nimezihesabu tangu niolewe:
thelathini kila Jumapili, kumi zaidi akija mchungaji.
Tui la kwanza, zito, la majani ya magimbi.
Tui la pili la samaki.
Mikono yake hutoka humo iking'aa hadi viwikoni.

Kwa mikono hiyo alimpokea Moevao.
Alimpaka mafuta ya nazi yenye mlangilangi
kama alivyompaka baba yake, kama alivyopakwa yeye,
na mtoto akatoka vipele mabegani hadi kisogoni.
"Joto," akasema.
Nami nikasema joto.

Alipotimiza miaka miwili: kijiko,
wala si kijiko, ncha ya kidole cha shangazi yake,
"aonje kwao."
Midomo ilivimba kwanza. Akajikuna masikio kwa ndani.
Kisha sauti ikawa nyembamba,
mlango unaorudishwa polepole
na mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.

Gari la mchungaji lilitukimbiza Tuasivi,
mimi kiti cha nyuma, na nyeupe yangu ya kanisani,
nikihesabu pumzi zake, nikipotea, nikianza tena moja.

"Mzio," alisema muuguzi Lagimaina.
"Mwili umeona mgeni, ukadhani mwizi.
Umepiga yowe, umefunga milango yote,
na koo nalo ni mlango.
Usiniulize kiasi gani. Hakuna kiasi.
Kisu kilichopasua, mwiko uliokoroga, vinatosha."

Shemeji Aukuso aliposikia, alifurahi.
"Hata mimi ninao!"
Miaka kumi anakula sahani tatu za tui
kisha analala ubavu, tumbo ngoma.
Akaenda kupimwa, na shati la kola.
Muuguzi akamwambia: tumbo lako ni karani mvivu.
Faili moja atapitisha, tano zitakaa mezani zioze.
Huo si mzio. Kula nusu.
Litakuaibisha mbele za watu, halitakuua.
Mtoto yule hana nusu.
Aukuso alirudi kama mtu aliyenyimwa cheo.

Katika ukoo huu, walisema, nazi haijamkataa mtu.
Walisema nimemharibu kwa maziwa ya kopo.
Walisema mpe kidogo kidogo, atazoea,
na hao niliwaogopa kuliko nazi.
Kikulacho ki nguoni mwako;
chetu kilikuwa chunguni, kwenye biskuti za shule,
kwenye nywele za binamu zake,
kwenye kiganja cha anayekupenda.

Mama mkwe hakusema neno. Alikuna.

Hadi Jumamosi moja nilimkuta bombani
akisugua kucha kwa majivu na limau,
ananusa, anasugua, ananusa.
Kesho yake palikuwa na tanuri ya pili,
ndogo, upande upepo unakotokea,
na sufuria mpya iliyofungwa kitambaa chekundu mkononi:
shelisheli, samaki, chumvi, basi.

Dada yangu wa Oklandi alituma sindano mbili.
Moja iko kwa mwalimu.
Ya pili aliiomba yeye.
Hajui kusoma maelezo, nikamchorea paja kwa mkaa,
akafanya mazoezi kwa kalamu juu ya papai bichi,
akihesabu kwa sauti hadi kumi,
papai baada ya papai, hadi jirani akauliza kuna nini.
Sasa anaikunja kiunoni, kwenye pindo la kitambaa
palipokuwa na tumbaku.

Leo ameshakuna zake thelathini, bado thelathini.
Amenawa. Anamwita.
Moevao ana miaka minne, anasimama mbali kidogo.
"Mikono?"
Bibi anainyoosha, juu, kisha chini,
kama mtoto anayekaguliwa kabla ya chakula.
Mtoto anainusa yote miwili, bila haraka,
halafu anakaa.