Mita Imekwama

Nimeitoa pikipiki ya baba ukumbini,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
kabla jirani hajabandika maharage.
Miaka mitatu imefunikwa shuka,
wageni wakiipita kwa ubavu kama maiti isiyozikwa.
Mama hakuuliza niendako.
Alinipa kipande cha sabuni ya mche:
"Tangi linavuja pale chini. Baba yako alikuwa akiziba kwa hii."
Ndio wosia wote niliopata.

Mabokweni niliiacha lami bila kuagana.
Maramba nikanunua machungwa na petroli ya chupa;
muuzaji akanipima kwa jicho, akasema,
huko uendako usiulize umbali, uliza maji.
Nikacheka. Mimi muuza vocha,
kwangu mbali ni foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Baada ya Bombo Mtoni
milima ilibaki kushoto, buluu, imenipa mgongo,
na nchi ikavua nguo zake za kijani
moja moja, bila haya.
Migunga. Vumbi jekundu lenye ladha ya sarafu.
Simu ikatafuta mtandao, ikatafuta,
ikakata tamaa kabla yangu.
Mchanga ulilishika gurudumu la mbele,
nikaanguka mara mbili.
Mara ya tatu nililala tu, kwa hiari,
nikisikiliza injini ikipoa: tik, tik,
na digidigi mmoja akinitazama
kama karani wa dirishani: shida yako?

Shida yangu ni kwamba nilimchukia.
Bwana mifugo Shemboza,
mwezi aliuanza na kasha la chanjo mgongoni,
akaumaliza na miba kwenye suruali, na usingizi.
Idi tatu mfululizo sahani yake ilifunikwa kawa.
Nilidhani huku kuna mwanamke.
Hicho ndicho nilichokuja kukitafuta,
msinione mwema.

Mita imekwama kwenye 61,408.
Sijui alikuwa wapi namba zilipogoma,
ila hakuitengeneza.
Zilizofuata alizikwenda bure,
nami nakwenda bure juu ya zake.

Jua lilikuwa limeshuka begani nilipoliona boma.
Sijazima injini, mwanamke akatoka zizini
na kamba mkononi, anafoka:
"Shemboza! Leo umechelewa!"
Hakuwa amenitazama uso. Alitazama tangi,
alitazama sabuni.
Kisha akapandisha macho,
na kamba ikalegea.

Hakuna aliyewaletea habari.
Simu haifiki, na sisi mjini
hatukujua kuna wa kuambiwa.

Ndiyo, kulikuwa na mwanamke:
Naishorwa, mwenye ng'ombe sitini na haraka.
Hakuuliza alikufaje.
Aliuliza, "Dawa umeleta?"
Nikasema mimi nauza vocha.
Akafikiri kidogo, akanitupia kamba.
"Basi mshike huyu."

Ndama ana nguvu kuliko anavyoonekana.
Alinikokota hadi kwenye samadi,
nikamkumbatia shingo, nikafumba macho,
moyo wake ukigonga kifuani mwangu
kama mgeni aliyekosea mlango na bado anagonga.
Mwiba ulitoka ukwatoni, mrefu kama sindano ya godoro.
Mtu nyuma yangu akasema, si kwangu, kwa mwenzake:
"Anashika kama yeye. Kwa kushoto."

Usiku tangi likaanza tena: tone, kimya, tone.
Nikailowanisha sabuni kwa mate,
nikapapasa gizani kutafuta ufa,
kidole gumba kikatumbukia kwenye kibonyeo
kilichokwisha kulika kwa kidole kingine,
kikakaa.

Sikukiondoa upesi.
Petroli ilikwisha kukatika zamani.

Asubuhi nilimuuliza Naishorwa
boma linalofuata liko wapi.
Akanyoosha mdomo upande wa kaskazini.
Umbali sikuuliza.