Nyuma ya Saba

Kondo, ule ubao ninao.
Umekuwa mlango wa banda la kuku hapa Keko,
saba yake bado nyeupe, rangi ya mafuta ya serikali,
rangi isiyojua kuchuja.

Kazi yangu unaikumbuka: kutundika tarakimu,
nimejibanza juu ya ngazi nyuma ya ukuta wa mbao,
nachungulia kriketi yao kwa tundu la msumari uliong'oka.
Jicho moja, la kulia. Ndilo nililoruhusiwa.
Yako ilikuwa rola, wewe na Mwinshehe na yule Mngoni,
kuikokota tangu alfajiri hata nyasi zilale kama mkeka,
kisha mtoke mkae nje ya kamba.

Jumamosi wazungu.
Jumapili, katika viwanja vyao,
Wagoa peke yao, Mabaniani peke yao, Makhoja peke yao,
kila watu na birika lao la chai.
Sisi tulikuwa wa siku zote,
kwa hiyo hatukuwa na siku.

Ila Jumatano jioni, kwenye wavu wa mazoezi,
yule bwana wa Forodha alihitaji mtu wa kumrushia.
Akaweka senti kumi, ile yenye tundu,
juu ya kijiti cha kati: ukiiangusha, yako.
Ulikuja hatua tisa, miguu mitupu,
mpira mwekundu mgumu kama goti.
Kijiti kiliruka. Akacheka, akaweka nyingine.
Kikaruka. Hakucheka.

Mama yako alizitunga senti zile kwenye uzi kama shanga,
akavuka nazo Mnazi Mmoja
(ule uwazi waliouacha ili mbu wetu na pumzi zetu visiwafikie)
akarudi na pishi ya mchele.
Nami, kwa kila kijiti kilichoanguka,
nilipiga mstari mmoja wa mkaa
nyuma ya ubao wa saba.

Halafu ikaja Jumamosi ya manowari.
Mtu wao mmoja kashikwa na homa, wamebaki kumi.
Baharia kijana, aliyekuona Jumatano,
akanyosha kidole: na yule je?
Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.
Wakacheza kumi.

Nafasi ya kumi na moja ikabaki wazi upande wa kushoto,
nyasi tupu, nyasi ulizozilaza mwenyewe,
na mpira ukapita papo hapo,
mara ya kwanza, ya pili, ya nne,
na kila ulipovuka kamba ni wewe uliyepigiwa mluzi: okota!
Ukaurudisha kwa mkono wa chini. Polepole. Kwa adabu.

Mara ya tano adabu ilikwisha.
Kutoka pale pale nje ya kamba, bila kukimbia,
uliutupa, na kijiti cha kati kikalala chali
na mwenye gongo yuko katikati ya njia.
Refa akatazama mawingu.
Karani wa kitabu cha alama akachovya kalamu, akaifuta, akaiweka chini.
Mimi nilikosa mkaa.

Jumatatu rola ilikuwa na mtu mwingine.
Wewe ukaenda bandarini; winchi ikala vidole viwili,
na si vya mkono wa kushoto.
Miaka ikapita, bendera ikabadilishwa,
ukuta ule ukabomolewa, ukauzwa kuni.
Saba niliinunua shilingi moja. Muuzaji aliniona punguani.

Sasa masika yameingia mara ngapi?
Mkaa umelika, kuku wameparua,
idadi niliyokuwa nikiijua kama jina langu
siijui tena.

Ulipokuja Idi iliyopita ulipapasa ule mlango
kwa vidole vitatu.
Nikangoja uniulize: ngapi?
Ukauliza, hawa wanataga?
Nikasema wanataga, lakini si kila siku.

Ule mstari wa Jumamosi, Kondo, niliuchora kwa msumari.
Huo upo.
Sijui kama uliugusa;
nilikuwa nimeinama, nawatupia kuku pumba.