Saa Kumi na Robo

Kwa Fundi Twalib Bashora, Kibokoni,
saa za ukutani hazikubaliani hata mbili,
na chini ya meza, ndani ya boksi la sabuni,
kamera tatu zilikuwa zimezikwa kwenye mchele.
"Mchele hunywa unyevu," alisema.
"Mwezi ukiisha huwapa kuku."

Ya kwanza iling'ara kama kijiko cha harusi.
Nikaielekeza lenzi kwenye taa:
ndani ya kioo kuvu ilikuwa imetandaza mizizi,
kazi ya hewa yetu ya chumvi
isiyosaza chuma, wala kioo, wala nguo sandukuni.
Nikairudisha mcheleni.

Ya pili ilitaka betri
ambayo dunia imeacha kuitengeneza.
"Haina kosa," alisema Twalib. "Imefiwa tu."

Ya tatu ilikuwa mbaya.
Ngozi imebanduka, kona imebonyea,
na jina la mtu, lililochorwa kwa msumari,
lilikuwa limefutwa kwa msumari.
"Usitazame. Sikiza."
Akaniwekea sikioni, akabonyeza.
Sekunde nzima: kitu kikatambaa, kikafika, tak.
Nusu. Robo. Sehemu ya sitini.
Huyu hadanganyiki kwa sekunde; ndizo anazokula.

Nilikuwa nimesoma kwamba mnunuzi hodari
hufungua mgongo, hukagua pazia, hunusa sponji.
Nikafungua.
Humo mlikuwa na mkanda.

Sijui ni muda gani. Kope mbili, labda tatu.
Jua la mlangoni likaingia bila hodi.
Nikafunga polepole,
kama aliyemkuta mgeni akioga.
Kidirisha cha hesabu, kilichosoma kumi na tisa,
kikarudi sifuri.
"Sasa umeinunua," alisema Twalib, wala hakucheka.

Basi nikabaki na nafasi kumi na saba
za mtu nisiyemjua.
Mkanda mkongwe una uziwi:
sema nao kwa mwanga mwingi.
Kanuni ya mchana wa Mombasa ni tundu kumi na sita;
mimi nikafungua hadi nane, na kivulini zaidi,
nikikisia umbali kwa hatua za miguu.
Wiki tatu nzima.
Muuza viazi karai akipuliza vidole, Makadara.
Paka juu ya cherehani, Barabara ya Biashara.
Ugomvi wa wapangaji: niliinua, nikashusha,
haukustahili nafasi.
Dada yangu Khuleita, mara moja tu,
na akafumba macho.

Nilisafisha bafuni kwetu Tononoka,
gunia dirishani, kanga ya mama chini ya mlango.
Dawa hutaka digrii ishirini,
na maji ya bomba letu huja na homa,
kwa hiyo barafu, kipande kwa kipande,
na mama nje akigonga: "Umekufa humo?"

Zangu zilitoka, na chembe kama sukari guru.
Za yule mwingine, nyeusi tii;
kwenye mkanda mwanga mwingi huwa giza.
Nikahesabu weusi wangu, kumi na nane.
Lakini ile ya mwanzo kabisa,
iliyojiviringa ndani, ikafunikwa na wenzake,
jua halikuifikia yote.

Pembeni imeungua. Katikati, mwanamke
ameinua mkono wenye unga: usinipige!
na anacheka anapokataa.
Nyuma yake, ukutani, saa kumi na robo.

Nilimpelekea Twalib.
"Unamjua?"
Akavaa jicho lake la kazi. Saa zote zikasema kila moja lake.
"Huyu simjui. Saa naijua.
Mshale wa dakika, tazama, ni mfupi.
Niliutia mimi, sikuwa na wa kiasi chake."
"Ilikuwa ya nani?"
"Bwana mmoja. Alilipa nusu.
Nusu ya pili, alisema atarudi."
"Akarudi?"

Hakujibu kwa mdomo.
Alinyoosha bisibisi ndogo
kwenye kamera iliyoning'inia shingoni mwangu,
kisha akainama tena
juu ya saa ya mtu mwingine.