Fundi wa Mizani

Namanga waligonga muhuri kwenye pasipoti.
Siku ya pili, Uyole, nikapanda gari la Tukuyu
na kisanduku cha mawe ya kupimia,
gramu mia, nusu kilo, kilo tano,
na lugha niliyoamini
haihitaji muhuri.

Asubuhi ya kwanza ukungu umekaa barazani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikamwambia mama wa mgahawa, "Nipe chai."
Akasimama, birika mkononi.
Hakukasirika. Alisubiri
kama anayesubiri sentensi iishe.
"Nikupe, kaka? Kwani uliniwekea?"
Wachuma chai wawili wakalaza vichwa mezani kwa kicheko.
Jina lake Tusekile.
Baadaye niliambiwa maana yake: tumecheka.

"Sema naomba."
Mimi mtoto wa Thika,
ambako anayeomba ni yule wa kopo pale stendi.
Nikaomba.
Chai ikaja na ndizi ya kuchoma
ambayo sikuiomba.

Kituo cha kwanza niliingia moja kwa moja kwenye springi,
bisibisi mbele, salamu mfukoni.
Wakanitazama kama ng'ombe aliyeingia kanisani.
Cha pili nilisalimia watu kumi na mmoja,
mmoja mmoja: ugonile,
za nyumbani, za mvua, za Kenya,
na huko Kenya mgomba unastawi?
Mizani ikangoja. Ilishazoea.
Ilikuwa inaiba gramu mia nne kwa kila kikapu,
na karani Ambakisye, miezi saba,
alikuwa akizirudisha kwa kalamu.
"Mizani inaumwa," alisema.
"Mgonjwa hafokewi."

Alhamisi kituo hakikufunguliwa.
Mama yake Ambakisye, Bi Subilaga, amefariki alfajiri.
Nilibakiwa na vituo vitatu
na bosi kwenye simu kutoka Thika:
"Wamekufa wangapi hata kazi isimame?"
"Mmoja," nikasema,
na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu
nikatamani kulimeza.

Tusekile akapita, mkungu wa ndizi kichwani.
Hakunikaribisha, hakunieleza mila.
"Fundi, zile kuni zinakungoja wewe."

Nikabeba.
Njia inateremka, utelezi,
udongo mweusi unavua watu viatu.
Msibani hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi.
Nilisogezewa nafasi kwenye ubao uliolazwa juu ya matofali,
na mvua ilipoanza (huku mvua haianzi, inaendelea)
jirani yangu akakata jani la mgomba,
akajifunika bega moja,
upande wa pili wa jani akanipa mimi.
Tulikaa hivyo mpaka usiku.
Sikujua la kusema. Wala yeye hakusema.
Kwenye daftari la rambirambi waliandika:
Muchili, fundi, elfu tano.
Mimi ni Muchiri.
Kalamu ilikuwa karibu,
sikuigusa.

Vituo vitatu nilivimaliza wiki iliyofuata, nimechelewa,
mawe yangu yote kisandukuni, hakuna lililopungua.

Sasa niko Thika, saa moja asubuhi,
hoteli ya karibu na stendi.
"Naomba chai," nikasema.
Kijana wa kaunta akanitazama viatu, kisha uso.
"Unaomba? Kwani hulipi?"
Nikacheka peke yangu.
Nilitaka kumweleza,
lakini nyuma yangu foleni
ilikuwa imeshafika mlangoni.