Mluzi

Waraka ulifika mwezi wa Machi, una muhuri,
ukalala mezani kwa Bwana Kirimi chini ya kikombe
hadi ukapata duara la chai juu ya neno "lazima".
Ulisema: kila kiwanda kinachokula umeme mwingi
kipimwe, kikaguliwe, kipeleke mtu mafunzoni.
Mtu huyo nikawa mimi,
kwa kuwa siku ile Odero alikuwa anaumwa jino.

Nina miaka kumi na tisa kwenye boila, Barabara ya Lunga Lunga.
Mvuke naujua kwa harufu.
Nikakaa dawati la nyuma, mikono nimeifumbata,
nikingoja kufundishwa moto na mtoto wa juzi.

Mhandisi Jerotich hakuanza na hesabu.
Alitupeleka kwetu kiwandani, Jumapili,
mikate imeshaondoka, mitambo imezimwa,
akasema: Nyamazeni. Mnasikia nini?
Tukasema: Hakuna.
Akasema: Basi sikilizeni hiyo hakuna.

Nikausikia.
Mluzi mwembamba, ssss,
kama wa mtu anayewaza jambo lingine,
nyuma ya mashine ya kufungia mikate,
na mwingine juu, karibu na dari,
na mwingine pale pale ninapotundika koti langu.
Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiuita kimya.

Alitupa ndoo, kipande cha sabuni, brashi ya rangi.
Tukayapaka mabomba povu kama tunayanyoa ndevu.
Penye tundu povu lilifura, likapasuka, likafura tena,
na vijana wakacheka, nami nikacheka,
kisha nikaacha.
Tulihesabu arobaini na moja.
Mengine hayakufika upana wa ncha ya sindano.
Na kompresa, usiku kucha, sikukuu zote,
ilikuwa ikihema kwenye giza
ikiteka maji kwa pakacha.

Akaandika ubaoni: kwa mwezi, shilingi kadhaa.
Bwana Kirimi, aliyepita kutusalimu tu,
alivua miwani, akaipangusa, akaivaa.
Tarakimu zilikuwa zile zile.

Hapo nikamkumbuka Nthenya.
Kwetu Kayole umeme tunaununua wa hamsini, wa hamsini.
Nthenya hupiga pasi sare zote za wiki mara moja,
na kabla ya shati la mwisho anaizima:
joto lililobaki linatosha kola.
Nani alimfundisha? Mita,
ile inayoanza kulia zikibaki yuniti mbili.
Kiwandani hakuna mita iliyowahi kunililia.

Ng'ambo ya ukuta wetu ni Mukuru.
Kuna mama anakaanga maandazi alfajiri
akimulika karai kwa tochi ya simu aliyoiuma kwa meno.
Sisemi tulimwibia.
Nasema tu kwamba hewa ilipiga mluzi upande wetu.

Sasa nina cheti, kina jina langu lote, Musyimi hadi mwisho.
Bwana Kirimi ametia sahihi ya gasketi na vali mpya.
Mabomba ya mvuke kuvikwa blanketi, amesema, tutaona mwakani.
Nimeandika tarehe aliyosema.
Nimeiandika kwa kalamu ya wino, kando ya waraka,
ambao siku hizi unakaa ukutani, na duara lake la chai.

Odero ananiuliza: kwani wanakulipa kwa tundu?
Hapana.
Ila kila Jumapili, zamu ikiisha, nabaki dakika kumi
nimesimama katikati ya sakafu kama mtu aliyesahau kitu.
Wiki iliyopita nilipata la arobaini na mbili.

Shida ni nyumbani.
Saa nane za usiku nimeketi kitandani, shingo nimeinyoosha.
Nthenya anauliza: Unatafuta nini?
Nyamaza kidogo, unasikia?
Anasikiliza, maskini, kwa moyo wote.
Musyimi, anasema, huyo ni mbu.